Karatasi ya maabara na hesabu ya miezi: kipimo cha damu na kukoma kwa hedhi

Safari hii makala inakupeleka Parramatta, mji uliojengwa kandokando ya mto wenye jina hilohilo, kiasi cha kilomita 24 magharibi mwa kitovu cha jiji la Sydney nchini Australia. Magharibi mwa Sydney wameweka makazi watu wa kila pembe ya dunia. Miongoni mwao wamo Waafrika Mashariki na Wakongomani waliofika kwa masomo, kwa kazi, kwa ndoa na, wengi wao, kupitia kambi za wakimbizi. Si ajabu kwa abiria wa treni ya kwenda Westmead, kituo kinachofuata baada ya Parramatta, kusikia nyuma yake mazungumzo ya Kiswahili.

Chukua mfano wa mama mmoja wa huko, mwenye umri wa miaka 47, anayefanya kazi ya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Kwa miezi mitatu hakuona siku zake, kisha zikaja kwa wingi usio wa kawaida, kisha zikapotea tena. Usiku hulowa jasho, mchana huvamiwa na joto la ghafla usoni na kifuani. Shoga yake anamwambia, "Nenda kapime homoni, utajua kama umekoma." Anakwenda kwa daktari, anatolewa damu, na baada ya siku chache anaelezwa kwamba kiwango chake ni cha mwanamke aliyekwisha koma hedhi. Anashusha pumzi na kutupa vidonge vyake vya kuzuia mimba. Wiki sita baadaye hedhi inarudi. Na ingeweza kuwa mimba.

Sasa chukua mfano wa pili, wa jirani yake mwenye umri huohuo na taabu hizohizo. Naye anapimwa, na jibu linasema homoni zake ni za kawaida kabisa. Anaambiwa hana kitu, labda ni uchovu wa kazi. Anarudi nyumbani na jasho lake, akiamini kwamba tatizo limo kichwani mwake.

Mifano hii miwili imetungwa kwa ajili ya maelezo, lakini kwa madaktari wa wanawake si migeni. Na jambo la kushangaza ni kwamba maabara haikukosea katika mfano wowote kati ya hiyo miwili. Mashine ilipima kilichokuwamo katika damu ya asubuhi ile, ikapima sawasawa. Kosa limo katika swali. Aliyetaka kujua kama hedhi imekoma amejibiwa swali jingine, yaani kiasi cha homoni kilichokuwa kikizunguka mwilini saa ile sindano ilipoingia.

Ili kuelewa kwa nini maswali haya mawili yanatofautiana, yafaa kutazama kinachotokea mwilini. Mtoto wa kike huzaliwa na akiba ya mayai inayokadiriwa kuwa kati ya milioni moja na milioni mbili. Anapovunja ungo hubaki laki tatu au nne hivi, na akiba hiyo huendelea kupungua hadi, inapokaribia kwisha, hubaki kiasi cha elfu moja tu. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari, hutuma kila mwezi homoni inayochochea mayai kukua. Homoni hiyo kwa kifupi huitwa FSH. Ovari zikiitika, hutoa homoni ya estrojeni pamoja na nyingine iitwayo inhibini, nazo huiarifu pituitari kwamba ujumbe umefika.

Ni kama mgeni anayepiga hodi. Akiitikiwa mapema, hapandishi sauti. Mayai yanapokuwa machache, jibu huchelewa na hodi huzidi, na hapo ndipo FSH hupanda katika damu. Lakini akiba haijaisha. Mwezi unaofuata yai moja lililobaki laweza kuamka na kuitika kwa nguvu, pengine kwa nguvu kuliko ilivyokuwa ujanani, estrojeni ikapanda kupita kiasi, na FSH ikashuka hadi kiwango cha msichana. Mwanamke yuleyule aweza kuwa na FSH ya 50 mwezi huu na ya 9 mwezi ujao. Hali hii ya kupanda na kushuka si ya wiki chache. Kwa kawaida huchukua miaka kadhaa, na ndiyo miaka ambayo wanawake wengi hutamani kupimwa, kwa kuwa ndiyo miaka ya mashaka.

Lugha yenyewe inachangia kidogo katika utata huu. Neno "kukoma" linamfanya msikilizaji afikirie siku moja, kama gari linapofika kituoni. Kitabibu siku hiyo ipo, nayo ni siku ya hedhi ya mwisho kabisa, lakini hakuna anayeijua inapopita. Hutambuliwa kwa kutazama nyuma, baada ya miezi 12 mfululizo bila hedhi. Hakuna maabara, hata iwe na mitambo ya namna gani, inayoweza kuuona mwezi wa kumi na mbili ukiwa bado uko wa nne.

Australia yenyewe imetoa mchango mkubwa katika kulifahamu jambo hili. Mwaka 1991 mjini Melbourne ulianza utafiti uliowafuatilia wanawake 438 wenye umri wa kati ya miaka 45 na 55, mwaka baada ya mwaka, wakihojiwa na kutolewa damu. Profesa Henry Burger na wenzake, waliochunguza homoni za wanawake hao, walionyesha jinsi viwango vinavyoyumba, na kwamba kipimo kimoja cha FSH si dalili ya kutegemewa ya hatua aliyofikia mwanamke. Mwaka 2001 wataalamu walikutana Park City katika jimbo la Utah, Marekani, kupanga hatua za uzee wa uzazi, wakarudia kazi hiyo na kuitangaza upya mwaka 2012. Mara zote mbili kigezo kikuu kilikuwa mwenendo wa hedhi yenyewe. Homoni zilipewa nafasi ya kusaidia tu.

Uingereza, kupitia taasisi yake ya miongozo ya tiba, NICE, iliandika mwezi Novemba mwaka 2015 kwamba mwanamke aliyevuka miaka 45 na mwenye dalili zinazojulikana asipimwe FSH ili kuthibitisha hali yake. Chama cha wataalamu wa kukoma hedhi cha Australia na New Zealand nacho kinashauri vivyo hivyo: umri, mwenendo wa hedhi na dalili vyatosha. Vipimo vya mate na vya mkojo vinavyouzwa madukani na kwenye intaneti havibadilishi lolote. Kile cha mkojo hupima FSH ileile, na kina udhaifu uleule, ila mnunuzi ametoa fedha zake mwenyewe.

Kuna mambo mengine yanayoipotosha karatasi ya maabara, na baadhi yake yanawahusu sana wanawake wa Afrika Mashariki. Kwanza ni uzazi wa mpango. Vidonge vya majira vyenye estrojeni huishusha FSH, hivyo kipimo kinachochukuliwa wakati mwanamke anavimeza hakina maana yoyote kwa swali hili. Sindano ya miezi mitatu, inayotumiwa sana kuanzia Kisumu hadi Bukavu, hukatisha hedhi ya wengi na yaweza pia kuishusha FSH kwa kiasi. Kijiti cha mkononi na kitanzi chenye homoni navyo huficha hedhi, na hapo kalenda nayo hupoteza kauli yake. Kwa mwanamke aliyevuka miaka 50 anayetumia njia hizi zisizo na estrojeni, madaktari wa Uingereza huruhusu kipimo cha FSH. Kikizidi 30, huambiwa aendelee na kinga kwa mwaka mmoja zaidi kisha aache. Zingatia hapo, msikilizaji: hata kipimo kinapokubaliwa, bado mwaka mzima huongezwa juu yake.

Jambo la pili ni dogo na halifahamiki sana. Vidonge vya biotini, vitamini inayouzwa kwa ahadi ya kukuza nywele na kuimarisha kucha, huingilia utendaji wa mitambo mingi ya maabara. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu hilo mwezi Novemba mwaka 2017. Katika baadhi ya mitambo, FSH huonekana iko chini kuliko ilivyo na estrojeni kuonekana juu. Mwanamke anayemeza vidonge hivyo kwa ajili ya nywele hakumbuki kuvitaja, kwa kuwa kwake yeye si dawa.

Lakini hatari kubwa kuliko zote imo katika tiba ya saratani ya matiti. Katika hospitali ya Westmead, jirani kabisa na Parramatta, kama ilivyo katika hospitali nyingine kubwa duniani, uchaguzi wa dawa ya homoni kwa mgonjwa wa aina fulani za saratani hiyo hutegemea kama amekoma hedhi au la. Kundi moja la dawa, linalozuia utengenezaji wa estrojeni nje ya ovari, hufanya kazi kwa aliyekoma tu. Zikitumiwa peke yake na mwanamke ambaye ovari zake bado zina uhai, zaweza kuziamsha. Na matibabu ya kemotherapia hukatisha hedhi bila kuua ovari kila mara. Mwaka 2006 madaktari wa hospitali ya Royal Marsden, Uingereza, walieleza habari za wanawake 45 ambao hedhi yao ilikatika kwa sababu ya kemotherapia na ambao kisha walipewa dawa za kundi hilo. Wanawake 12 kati yao, zaidi ya robo, ovari zao zilirudi kazini, na mmoja alipata mimba. Kwa wagonjwa wa namna hii damu hupimwa tena na tena, na kwa njia ya kisasa inayoweza kutambua estrojeni iliyo kidogo mno, kwa kuwa mitambo ya kawaida hubahatisha pale kiwango kinaposhuka sana.

Je, basi kipimo cha FSH kitupwe? La hasha. Msichana wa miaka 32 ambaye hedhi yake imekatika kwa miezi minne, naye hana mimba, ana haki ya kupimwa tena upesi. Kukoma hedhi kabla ya miaka 40 huleta hatari kwa mifupa na moyo, mbali na uchungu wa kukosa watoto, na huhitaji tiba ya homoni hadi umri wa kawaida wa kukoma, ambao nchini Australia ni miaka 51 kwa wastani. Kwa muda mrefu madaktari walidai vipimo viwili vya FSH iliyozidi 25, vilivyotenganishwa kwa wiki nne au zaidi. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2024, ulioandaliwa kwa ushirikiano na watafiti wa Australia, unasema kipimo kimoja chaweza kutosha, na kirudiwe pakiwa na shaka. Wenye umri wa miaka 40 hadi 45 nao hupimwa mara nyingi. Kwa hiyo kipimo kilekile kisicho na faida kwa mama wa miaka 48 ni cha lazima kwa binti yake.

Na hapo ndipo linapojitokeza suala ambalo miongozo ya London na Melbourne haikulifikiria. Kanuni yote imejengwa juu ya umri. Lakini wakimbizi wengi walioandikishwa kambini hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, wakaandikiwa Januari mosi ya mwaka uliokisiwa na karani. Mwanamke anayesomeka katika kadi yake ya Medicare kuwa na miaka 46 aweza kuwa na 41, au 50. Daktari asiyejua historia hiyo ataifuata kadi. Anayeijua atauliza: ulivunja ungo lini, mtoto wako wa kwanza alizaliwa wakati wa tukio gani, ni nani aliyekutangulia kuzaliwa? Na hapa, yafaa kukiri, kipimo cha damu kina nafasi kubwa kidogo kuliko kwa mwanamke mwenye cheti cha hospitali ya Sydney. Hata wale wanawake 438 wa Melbourne walikuwa wote wazaliwa wa Australia. Utafiti mkubwa wa Marekani ulioanza mwaka 1996 ndio uliowajumuisha Wamarekani weusi, na ukaonyesha kwamba joto la ghafla huwasumbua kwa muda mrefu zaidi, zaidi ya miaka kumi kwa kawaida, ikilinganishwa na kama miaka saba na nusu kwa wanawake wote kwa jumla.

Mazungumzo haya hayaji kirahisi. Katika pwani ya Afrika Mashariki msichana anayevunja ungo alikuwa na somo au kungwi wa kumfunda. Mwanamke anayekoma hana kungwi. Anayajua kwa kunong'onezana, au hayajui kabisa. Hata hivyo hesabu ya miezi si ngeni kwa wanawake wa pwani. Mwislamu aliyeachwa na mumewe huhesabu eda yake kwa tohara tatu akiwa bado anaona hedhi, na kwa miezi mitatu akiwa amekwisha koma, kwa hiyo bibi zetu walilazimika kuzijua tarehe zao kabla maabara haijabuniwa. Daktari wa leo wa Parramatta anayemwomba mgonjwa aandike kwenye kalenda siku ya hedhi, wingi wake na usiku alioamka na jasho, anaomba kitu ambacho bibi huyo angekitambua mara moja.

Kalenda hiyo humwonyesha daktari mambo ambayo FSH haiwezi kuyaonyesha. Damu nyingi iliyojaa mabonge yaweza kuwa ni uvimbe wa kizazi, ambao huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, na hapo kipimo cha wingi wa damu na madini ya chuma kina thamani kuliko cha homoni za uzazi. Jasho la usiku kwa mtu aliyeishi kambini laweza kuwa kifua kikuu. Moyo kwenda mbio na kukosa usingizi huweza kutoka kwenye tezi la shingo. Hedhi iliyokosekana kwa mwanamke wa miaka 47 yaweza kuwa mimba, na hicho ni kipimo cha dakika tano ambacho husahauliwa kwa sababu ya umri wake. Na mwanamke aliyekwisha maliza mwaka mzima bila hedhi, kisha akaona damu, hata tone, amwone daktari bila kungoja mwezi mwingine, kwa kuwa yaweza kuwa ni saratani ya mji wa mimba.

Kuhusu kinga ya mimba, kanuni ni nyepesi kuikumbuka. Asiyetumia homoni, hedhi yake ya mwisho ikiwa imekuja baada ya miaka 50, aendelee na kinga kwa mwaka mmoja. Ikiwa imekuja kabla ya miaka 50, miaka miwili. Mama wa mfano wetu wa kwanza, mwenye miaka 47, alitupa vidonge vyake mapema mno, tena kwa kuamini namba iliyopimwa wakati akivitumia. Na jirani yake, aliyeambiwa hana kitu, angeweza kutibiwa joto na jasho lake siku hiyohiyo, kwa kuwa tiba hutolewa kwa dalili na kupimwa kwa nafuu anayoipata.

Nchini Australia jambo hili limefika hadi bungeni. Kamati ya Baraza la Seneti ilichunguza masuala ya kukoma hedhi na kutoa ripoti yake mwezi Septemba mwaka 2024. Tangu Julai mosi mwaka 2025, Medicare hulipia ziara maalumu ya uchunguzi wa mwanamke aliye katika kipindi hiki au anayekikaribia, isiyopungua dakika 20. Kwa wengi dakika 20 ni muda wa kutosha kueleza habari za mwaka mzima. Kwa mwanamke anayetafuta maneno katika lugha ya tatu au ya nne, hazitoshi, na ndipo damu inapotolewa kwa haraka ili karatasi iseme badala yake.

Wengi huja na binti au mtoto wa kiume kuwatafsiria, na hakuna mama wa Kiswahili atakayeeleza mabonge ya damu kupitia kinywa cha mwanawe wa miaka 15. Huduma ya taifa ya wakalimani, TIS National, hupatikana kwa simu namba 131 450, na kliniki za madaktari huweza kuitumia bila mgonjwa kutozwa chochote. Mgonjwa aweza kuomba mkalimani wa Kiswahili aliye mwanamke, na kwa kuwa kazi hufanyika kwa simu, mara nyingi mkalimani huyo yuko Perth au Melbourne, mbali na msikiti, kanisa na harusi za Parramatta. Ombi hilo hutolewa kwa karani wa mapokezi wakati wa kuweka miadi, kabla ya siku ya kumwona daktari.